Amplifaya ya hedifoni za umeme tuli: ununue ipi ukiwa Lamu

Transfoma ikishavuka kutoka Mokowe kwa boti na kupandishwa punda hadi Mkomani, kuirudisha ni kazi nyingine. Amua kabla hujalipa.

Chaguo langu la kwanza ni KGSSHV, amplifaya ya transista ya kujiundia kwa mchoro wa mbunifu Kevin Gilmore, yenye pawasaplai ya volti 400 chanya na 400 hasi. Kutoka ncha hii hadi ile ni volti 800, kwa hiyo pesa nyingi ziende kwenye pawasaplai, wala si kwenye kasha la kupendeza. Tafuta transfoma ya volti 240, hezi 50. Zile za Marekani za volti 115 ziache, isipokuwa zenye koili mbili za 115 unazoweza kuziunga mfululizo, na ziwe zimeandikwa hezi 50. Ya hezi 60 pekee hupata moto na kuvuma.

Adui wetu ni hewa ya chumvi. Bayasi, yaani volti ya kudumu inayochaji utando wa hedifoni, kwa zile za Pro za kampuni ya Stax ni volti 580, ila inapita kwenye rezista ya megaomu 4.7 hivi, na mkondo wake ni kama haupo. Unyevu kidogo juu ya bodi chafu unatosha kuivujisha, na sikio moja likaanza kufifia. Nunua spiriti ya kusafishia na vanishi ya bodi siku ileile unayonunua kapasita. Mimi niliwahi kupima bayasi nikasoma 395, nikabomoa saketi nzima bure: mita ya kawaida ina megaomu 10 ndani yake, na ndiyo iliyokuwa ikiila ile volti.

Nafasi ya pili, na ya kwanza kwa asiyewahi kugusa umeme mkali: kisanduku cha transfoma kama SRD-7 cha Stax, kinachounganishwa kwenye soketi za spika za amplifaya uliyonayo. Hakikisha bayasi yake. SRD-7 za mwanzo ni za volti 230, hazifai Pro.

Blue Hawaii, amplifaya ya valvu za EL34 (mirija ya kioo inayopata moto ikifanya kazi), naiweka mwisho. Sauti yake naipenda sana, lakini joto lake ndani ya chumba cha mawe wakati wa kaskazi halivumiliki.

Uchague ipi, ongeza rezista za kumwagia chaji kwenye kapasita. Ukizima, subiri, kisha pima kila kapasita kwa mita, mkono mmoja ukiwa mgongoni.