Risiti imeandikwa "uchunguzi wa kinywa", kinywa chenyewe hakikuguswa

Nianze kwa haki. Pale mapokezi ya kliniki hii ya meno ni pasafi, muuguzi ana adabu zake, na foleni haikuwa ndefu. Ukienda kusafishwa meno tu huenda ukatoka unacheka. Mimi nilienda na gego linaloniuma, nikatoka nimeambiwa nina mawazo.

Ilikuwa wiki kadhaa zilizopita, siku yenyewe siikumbuki maana usingizi ulikuwa umeshanihama. Maumivu yangu yalikuwa na visa. Hayakuwa ya muda wote. Nikitafuna kitu kigumu upande wa chini kulia, napigwa shoti hadi sikioni, halafu kimya. Tena shoti yenyewe inakuja nikiachia, si nikibana. Haya yote nilimweleza daktari neno kwa neno. Akanikatiza: "Kapige picha."

Nikapiga eksirei. Nikarudi kitini, nikalala, nikaachama kama kifaranga. Pembeni ya taa kulikuwa na trei: kile kioo kidogo chenye mpini mrefu, kichokoo cha chuma, kibanio, pamba. Vimepangwa vizuri, vinang'aa. Naapa kioo kile hakikuinuliwa. Hata glovu hakuvaa. Alisimama mbele ya kompyuta kanipa mgongo, akaikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. "Hapa hakuna kitu. Mizizi safi, tundu hamna. Punguza mawazo."

Nikamwambia, daktari, naomba basi utazame kidogo. Hakugeuka. "Nimeshatazama."

Umetazama nini, bwana? Mimi niko hapa nyuma yako, mdomo umekauka kwa kukaa wazi bure! Muuguzi akanipa karatasi ya kufutia mdomo, mdomo usio na hata tone la kufuta, kisha akainamisha macho. Yule dada alijua.

Nilipofika nje nikasoma risiti. Mstari wa kwanza: "uchunguzi wa kinywa". Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Labda nisingeandika haya kama nisingeenda kwingine, maana mgonjwa akishaambiwa ni mawazo, huanza kuamini. Siku chache zilizofuata nilikuwa nikitafuna kwa kujivizia, huku najiuliza kama ninajitungia. Ndipo nikaingia kwa daktari wa pili. Huyu naye ana kasoro zake, nitazisema.

Hakuanza na jino. Alianza na shingo, akapapasa chini ya taya kutafuta tezi zilizovimba. Akaniambia nifungue na kufunga huku vidole vyake viko mbele ya masikio, anasikiliza kama kiungo cha taya kinalia. Akaushika ulimi wangu kwa shashi na kuuvuta kushoto, kisha kulia, akichungulia pembeni na chini yake. Nikamwuliza kwa ishara, hilo la nini tena? Akasema saratani ya kinywa hupenda kujificha huko, na kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona si cha kukiachia. Mimi nimekuja na jino moja, yeye anakagua nyumba nzima.

Kisha akapima fizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, sehemu sita kwa kila jino, huku anamtajia muuguzi: mbili, tatu, mbili, mbili. Nilidhani ananipa alama za darasani, tena za kufeli. Kumbe hizo ndizo nzuri. Angekuta shimo refu mahali pamoja tu kando ya lile gego, angehofia limepasuka hadi kwenye mzizi.

Akagonga meno moja moja kwa mpini wa kioo. Kioo, jamani! Kisha akaweka kijiti cha plastiki juu ya ncha moja ya gego, akasema uma, achia. Hamna kitu. Ncha ya pili, hamna. Ya tatu: uma... achia. Machozi yalinitoka. Yeye, kama kwamba ameokota hela, anasema "Hii hapa!" Hiyo ndiyo kasoro yake ya kwanza, furaha mahali pa maumivu. Ya pili, anaongea sana ukiwa huna mdomo wa kumjibu.

Akapuliza jino kwa hewa likakauka, akalimulika ubavuni kwa taa nyembamba na kunipa kioo cha mkononi nijionee. Nusu ya jino imewaka kama chemli, nusu ni giza, na katikati kuna mstari mwembamba mwanga umegota hapo. Ufa. Jino namba 46 kwa hesabu ya madaktari wa meno, yaani gego la kwanza la chini kulia. Akaniambia nyufa za namna hii mara nyingi hukata jino kutoka mbele kwenda nyuma, na eksirei hupigwa kutoka ubavuni, kwa hiyo picha huweza kutoka safi kabisa.

Kwa hiyo yule wa kwanza hakudanganya kuhusu picha, nakubali. Picha ilikuwa safi. Pengine alikuwa amechoka, pengine nami sikujieleza vizuri... Hapana, nilijieleza! Nilimwambia "nikiachia" mara mbili!

Jino limevishwa kofia, na sasa natafuna bila kuvizia. Nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa usafi na foleni. Nikiikumbuka "nimeshatazama" nashusha hadi moja. Basi ziwe mbili, ila ile ya pili apewe yule muuguzi, daktari asiiguse. Kutoigusa hakutamshinda.