Mafuvu matatu ya plastiki kwa shilingi 7,500: mazuri, ila usiyaulize habari za meno

Nafundisha anatomia kwa wanafunzi wa uuguzi, na kila muhula hufika siku ninapotaka wajue kwamba somo hili haliishii wodini. Mfano wangu huwa Alan Walker. Mwingereza huyo alifundisha anatomia Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1969 hadi 1973, kabla ya kwenda Harvard, na muda wote huo akili yake ilikuwa kwenye mifupa ya watu na nyani wa kale. Muhula huu nikasema wasisikie tu, washike. Nikashuka mjini, nikapanda ngazi nyembamba hadi duka moja la vifaa vya maabara, nikanunua seti ya mafuvu matatu: la binadamu, la sokwemtu, na la tatu ambalo karatasi ya ndani ya boksi ililiita tu "mtu wa kale".

"Mwalimu, hii ni orijino. Angalia hata meno," muuzaji akaniambia. Orijino ya plastiki! Alitaka 9,000, tukakubaliana 7,500, akanifungia kwa gazeti.

Tundu la chini ya fuvu, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, limekaa sawasawa: la binadamu karibu katikati, la sokwemtu limesogea nyuma. Mwanafunzi anapitisha kidole na kujua nani alitembea wima, mimi sijafungua mdomo. Springi za taya la binadamu ni imara. La sokwemtu lilichomoka siku ya tatu, nimelifunga kwa waya.

Huyo "mtu wa kale" nilimtambua mwenyewe kwa ule ukingo wa mfupa utosini, mahali misuli ya kutafunia ilipojishikiza. Ni wa ukoo wa lile fuvu jeusi ambalo Walker aliliokota 1985 magharibi mwa Ziwa Turkana, lenye miaka kama milioni 2.5, lililopata weusi wake kwa madini ya manganizi ya ardhini. Hili langu lina rangi ya chai ya maziwa. Rangi nasamehe. Kuniuzia mtu asiye na jina, kwa pesa hiyo, sisamehi.

Sasa meno. Mwaka 1978 Walker na wenzake walichapisha utafiti wa meno ya pimbi wa Serengeti, aina mbili za wanyama hao wadogo zinazoishi kwenye majabali yale yale. Mmoja hula nyasi kwa wingi wakati wa mvua, mwenzake hushinda kwenye majani ya vichaka. Chini ya hadubini ya elektroni, mla nyasi alikutwa na mikwaruzo, maana nyasi zina chembe ngumu za silika, madini yale yale ya mchanga. Yaani jino linaweza kukwambia mwenyewe alikula nini. Haya yangu ni laini kama kigae cha bafuni. Hata lililotoboka moja, hakuna.

Basi nikaenda Kiamaiko, soko la nyama ya mbuzi jijini Nairobi, nikanunua kichwa cha mbuzi. Supu tulikunywa nyumbani, taya likaenda darasani. Kwa lenzi ya mkono huioni mikwaruzo ile midogo, lakini magego yalivyolika yanaonekana wazi, na wanafunzi walibishania moja tu nusu saa nzima.

Nyota tatu. Siku watakapoandika jina la fuvu la tatu nitaongeza ya nne. Ukienda kununua, vuta taya la sokwemtu kabla hujalipa.