Kemshafti ya Subaru: kabla hujauliza digrii, uliza ovalapu

Mwaka jana nilinunua kemshafti, vile vyuma vyenye nundu vinavyofungua valvu za injini, za digrii 272 Kariakoo, seti nzima ya nne kwa ajili ya EJ20, injini ya turbo ya Subaru yangu. Nilitoa shilingi milioni 1 na laki 4, hela ya kibubu. Siku ya pili, nikiwa kwenye taa za Tazara, nikajua nimeliwa. Sailensa, yaani mizunguko ya injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, ilipanda na kushuka yenyewe, usukani ukatetemeka mpaka bangili zikawa zinalia, na harufu ya petroli ikajaa ndani ya gari. Mama niliyempa lifti alishusha kioo bila kusema neno. Kilichonitisha zaidi ni breki: nakanyaga, pedeli ngumu kama tofali.

Nikaipeleka kwa rafiki yangu mwenye gereji Mikocheni, ana mashine ya kupima gesi za ekzosi. Akachomeka kipimo kwenye bomba, gari likiwa sailensa. HC, yaani petroli isiyoungua, ikasoma 870 kwa kila milioni; CO, yaani gesi ya monoksidi ya kaboni, asilimia 2.6. Akanitazama, akaniuliza kama masega, kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, nimeyatoa. Masega yalikuwepo, mapya kabisa! Yalikuwa yanapokea petroli mbichi na kuungua taratibu.

Kila nikisimulia haya kuna anayeniuliza, "Dar nani anapima moshi?" Ni kweli, gari la mtumba linakaguliwa kwa kiwango cha TBS cha TZS 698 kabla halijaingia barabarani, na baada ya hapo kipimo kinachotukuta wengi wetu ni pua ya trafiki. Lakini ile mashine haipimi moshi peke yake. Inakwambia petroli uliyolipia inaungua ndani ya silinda au inatokea nyuma. Mimi natumia kipimo cha Wajapani kwa sababu magari yetu yametoka kwao: kwenye shaken, ukaguzi wao wa lazima wa magari, gari la petroli la kuanzia miaka ya mwisho ya tisini linatakiwa lisizidi CO asilimia 1 na HC 300, likiwa sailensa. Waingereza kwenye MOT, ukaguzi wao wa kila mwaka, ni wakali zaidi, wanataka HC isizidi 200 injini ikiwa imepandishwa kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, na sailensa nayo wanaipima CO.

Kwa hiyo sitakuambia habari za nguvu za farasi wala urefu wa kunyanyua valvu. Hizo kila muuzaji anazikariri. Nakuambia kitu kimoja ambacho dukani hakuna aliyenitajia: ovalapu.

Kuna kipindi kifupi ambapo valvu ya kutolea moshi haijafunga na ya kuingiza hewa imeshafunguka. Zote mbili ziko wazi kwa pamoja, na hiyo ndiyo ovalapu. Injini ikiwa mbio, hilo linasaidia, kwa sababu moshi unaotoka unavuta hewa mpya nyuma yake. Gari likisimama kwenye foleni mambo yanageuka. Moshi unarudi kwenye manifoldi ya kuingiza hewa na kuchanganyika na hewa mpya, silinda inakosa kuwasha, petroli inatoka mbichi. Halafu sensa ya oksijeni inaona oksijeni nyingi kwenye ekzosi, inadhani petroli ni pungufu, na kontroo boksi, kompyuta ya injini, inaongeza petroli nyingine juu yake! Vakyumu, yaani mvuto wa hewa kwenye manifoldi, nayo inashuka, ndiyo maana busta ya breki yangu, inayotegemea mvuto huo, ilikuwa imekufa ganzi. Hakuna spea iliyoharibika pale. Ni kemshafti tu inafanya kazi iliyochongwa kufanya, ila mahali pasipo pake.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Digrii ni muda ambao nundu inaiacha valvu wazi. Jumlisha digrii za nundu ya kuingiza na za kutolea, gawa kwa mbili. Kisha chukua pembe iliyopo kati ya hizo nundu mbili, zidisha mara mbili, uitoe. Za kwangu zilikuwa 272 kote, pembe 108. Toa 216 kwenye 272, inabaki 56. Digrii 56 za ovalapu kwa gari linaloshinda Ubungo! Kemshafti ya 256 yenye pembe 114 inakupa 28, nusu kamili. Na hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea: 272 yenye pembe 114 ina ovalapu 44, wakati 264 yenye pembe 108 ina 48. Yaani hiyo "ndogo" inaweza kuwa chafu kuliko "kubwa". Namba iliyoandikwa kwa herufi nene kwenye boksi haikuambii lolote bila ile pembe.

Tena hakikisha digrii zote zimepimwa kwa namna moja. Wamarekani wengi hupima tapeti, kile kinachosukumwa na nundu, ikiwa imenyanyuka inchi 0.050, ambayo ni milimita 1.27, wengine hupima kwenye milimita 1, wengine wanaanza valvu inapoanza kunyanyuka tu, namba inatoka kubwa. Ukichanganya vipimo viwili, hesabu yote ya juu imeharibika.

Sasa chaguo langu. Tomei Poncam, kemshafti ya Wajapani, na sioni aibu kusema nina upendeleo. Imetengenezwa kuingia kwenye injini na springi za valvu za kiwandani, ni ya wastani, na walioitengeneza wanajua mteja wao atarudi kwenye shaken kila baada ya miaka miwili. Niliifunga, tukarekebisha shimu za valvu, tukapanga upya kompyuta ya injini, nikarudi Mikocheni kwenye mashine ileile. HC 140. CO asilimia 0.3. Usukani umetulia mpaka nilidhani gari limezima. Juu ya mizunguko 4,000 linavuta vizuri kuliko la kiwandani. Halivuti kama zile 272, nakiri, lakini mimi simkimbizi mtu Bagamoyo Road.

Wa pili ni Kelford wa New Zealand. Wanatoa maelezo kamili ya kemshafti zao, unapiga hesabu ukiwa umekaa kwako kabla hujatuma hata senti. Kama gari lako linapanda dyno, mashine ya kupimia nguvu, na una fundi mwenye subira, nitakuelewa ukiwaweka wa kwanza. HKS wa Japani wanafuata: 264 yao ina heshima, 272 waachie wenye gari la pili la kwenda kazini. Brian Crower wa Marekani ni wazuri kwa wanaotaka nguvu, lakini usinunue kwa neno "Stage 2". Stage si kipimo. Dai karatasi ya digrii.

Wenye injini za AVCS, mfumo wa Subaru wa kusogeza kemshafti, mna nafuu kidogo, kwa sababu kompyuta inairudisha nyuma kemshafti ya kuingiza gari likiwa sailensa na ovalapu inapungua. Ila ukizidisha ukubwa, siku kompyuta inaisogeza mbele valvu inaweza kukutana na pistoni.

Za bei rahisi: mtumba za STI, Subaru za michezo, pale Shauri Moyo, sawa kama nundu hazina mikwaruzo. Za kuchongwa upya, hapana. Zisizo na jina, hapana kabisa.

Na hii biashara ya "CARB approved" dada zangu na kaka zangu iangalieni vizuri. CARB, bodi ya California ya hewa safi, inatoa namba ya EO, yaani kibali chake, kwa spea fulani, kwenye injini zilizotajwa. Muuzaji akikwambia kemshafti ya Subaru imekubaliwa California, mwambie akuonyeshe namba. Mimi nilipomwomba yule wangu namba, alinionyesha stika.

Nilirudi kwake na mzigo ukiwa bado una mafuta ya injini. "Dada, mali ikishafungwa hairudi." Nikamuuliza pembe ya nundu ni ngapi. Akamwita kijana wa ndani, kijana akamwita mwingine, yule mwingine akasema, "Hiyo ndiyo inayotoka sana." Milioni na laki nne, na hakuna mtu dukani anayejua anachouza! Halafu ukiagiza mwenyewe kutoka Japani unakutana na nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake, ndiyo maana watu wanarudi palepale kwa yule kijana.

Zile 272 ninazo bado, zimefungwa kwenye gazeti chini ya kitanda. Mwenye gari la mashindano anitafute, bei tutaongea, na karatasi ya digrii nimeiandika mwenyewe kwa mkono.