Kava za difu kwa pickup za Kimarekani: ipi ununue, ipi uache, na namna ya kuifunga isivuje

Wakuu, hii ni kwa nyie wenye F-150, Silverado, Ram na wenzake, hasa mliopo Minnesota, Ohio na majimbo mengine yanayomwaga chumvi barabarani msimu wa baridi, maana huko ndo kava ya difu, ule mfuniko wa boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, inakufa kweli. Inaanza na kutu kwenye ukingo wa chini, rangi inavimba malengelenge, ukiigusa na bisibisi inabonyea, halafu asubuhi moja unakuta doa jeusi chini ya gari na ile harufu ya salfa ya mafuta ya gia ambayo ikishika shati hata ufue vipi haitoki. Ukiwa Texas au Arizona kava ya kiwandani inaweza kuzeeka pamoja na gari bila kelele, kwa hiyo we wa huko ukitaka kubadilisha uwe na sababu nyingine, na "inapendeza ukiwa nyuma kwenye foleni" sio sababu, ingawa najua wengi wenu ndo hiyo hiyo.

Wenye Hilux na Landcruiser pickup kule nyumbani, msihangaike kuagiza. Difu zenu zinatolewa kwa mbele, upande wa propela shafti, ule mgongo wa nyuma umechomelewa jumla, hakuna cha kufungua. Mwenye Defender 110 ya zamani yenye ekseli ya Salisbury nyuma ndo ana kava ya bolti 10 na haya yanamhusu, hiyo Salisbury ni ndugu wa ekseli ya Dana 60 ya Marekani.

Kabla ya bei, elewa mafuta yanavyotembea humo ndani, kwa sababu hapa ndo watu wanapigwa. Gari ikienda mbele ile gia kubwa, kraun, inachota mafuta chini, inayarusha nyuma kwenye kava, yanapanda juu yakifuata mgongo wa kava, yanapita juu ya kraun na kushuka mbele kwenye beringi za pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha kraun. Hakuna pampu. Ni kraun na umbo la kava basi. Sasa angalia kava ya kiwandani, ile bati ya bei rahisi: imejipinda kufuata mzunguko wa kraun. Halafu angalia kava nyingi za duka, kubwa, mapezi mengi, ila mgongo wake umenyooka kama ukuta. Mafuta yakigonga pale yanarudi hovyo, yanajaa hewa, yanatoka povu, na povu halilainishi beringi vizuri. Gale Banks, yule mzee wa injini za dizeli kule California, alipiga video na kava za kuonyesha ndani, unaona kabisa mafuta yanavyovurugika kwenye kava bapa. Na yeye anauza kava yake, kwa hiyo msikilize ukijua ni mfanyabiashara, ila hoja yenyewe ya umbo ina mashiko na unaweza kuipima mwenyewe kwa kuangalia ndani ya kava kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni hii ya "inaongeza mafuta kwa hiyo inapooza". Kava ikibeba lita moja zaidi, mafuta yatachukua muda mrefu zaidi kupata moto, sawa. Ila ukivuta treila saa tatu mfululizo yatafika joto lile lile au karibu nalo, na yakishafika yanachelewa kupoa vile vile. Mapezi nayo yanataka upepo, na pale nyuma ya ekseli upepo ni wa kubahatisha. Faida ya kweli ya mafuta mengi ni kwamba yanachakaa polepole. Sio ndogo, ila sio ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Haya, twende kwenye orodha. Bei ni za makadirio, dola, bila kazi ya fundi.

Namba 1 kwa wengi wenu: kava ya chuma yenye umbo la kiwandani, mpya. Dola 30 mpaka 70, Dorman wanazitengeneza kwa karibu kila pickup. Najua mlitegemea niseme kitu cha kung'aa. Ila kama unaendesha kazini, sokoni, na mara moja moja unavuta treila ndogo ya kuhamisha vitu vya nyumba, hii ndo inarusha mafuta sawasawa na injinia alivyopanga. Udhaifu wake ni kutu, na dawa ni dola kumi: kabla ya kufunga ikwangue kidogo kwa msasa, ipige rangi nzuri ya chuma mikono miwili mitatu, zaidi kwenye ukingo na kuzunguka matundu ya bolti, maana rangi inayokuja nayo ni nyepesi. Ongeza gaskiti ya Lube Locker, ile ya bati lililopakwa raba, inatumika tena na tena na inakuondolea habari za silikoni ya kuzibia. Hela iliyobaki nunua mafuta mazuri.

Namba 2: kava nene ya chuma cha kumimina. Dana Spicer wanazo, ARB wa Australia, wale wa Air Locker (kifaa cha kufunga difu kwa hewa), nao wanazo, nyekundu, huwezi kukosa kuzijua. Dola 150 mpaka 250 hivi. Hii ni ya wanaopita kwenye mawe, mashambani, kwenye visiki. Kava ya bati ikigongwa na jiwe inabonyea mpaka inagusa kraun, na hapo sio kuvuja tena, hapo gia ndo zinaharibika. Hizi nene zinapigwa na jiwe na unaendelea na safari. Kutu itaipata juu juu ila kuila mpaka itoboke ni kazi ya miaka mingi sana, kwa hiyo mtu wa Minnesota aliyechoka kununua bati namshauri aje huku, asiende kwenye alumini. Kwa mtu anaetaka anunue mara moja basi, ningesema hii ingekuwa namba 1 kama bei ingekuwa nusu.

Namba 3: alumini yenye mgongo uliopinda ndani. Ram-Air ya Banks ndo inayojulikana, na iko kwenye dola 500 au karibu yake, kwa hiyo kaa chini kwanza. Wa kununua hii ni anaefanya kazi ya kuvuta, wale wenye Ram 3500 au F-350 na treila ya magari matatu, mnapandisha barabara kuu ya I-70 magharibi ya Denver kuelekea handaki la Eisenhower ambalo liko juu ya mita 3,300, mzigo mzito na mlima hauishi. Huko mafuta ya difu yanapita nyuzi 110 za Selsiasi bila shida na kila kidogo kinasaidia. Kwa F-150 ya kwenda kanisani na Walmart, hapana.

Namba 4: alumini kubwa za mapezi zenye mgongo bapa au karibu bapa, ziko za makampuni mengi, dola 200 mpaka 400. Hapa usihukumu kwa jina, hukumu kwa umbo, maana kampuni moja inaweza kuwa na nzuri kwa ekseli hii na ya hovyo kwa ile. Kinachoziokoa ni urahisi wa huduma: plagi ya kumwagia yenye sumaku chini, nyingine zina kijiti cha kupimia, na Mag-Hytec wanatumia oringi, pete ya raba, badala ya silikoni, unafungua na kufunga bila kukwangua chochote. Ukiwa mtu wa kumwaga oili kila baada ya msimu wa kuvuta hilo sio jambo dogo. Ila alumini na bolti za chuma kwenye chumvi zinashikana vibaya, paka grisi ya kuzuia kushikana kwenye nyuzi za bolti, usipopaka utakuja kukata bolti.

Kava za mashindano, zile zenye bolti mbili za kusukuma kofia za beringi kwa ndani, ni za watu wa drag, mbio fupi za mstari ulionyooka. Ruka.

Na za mwisho kabisa ni zile za kromu za dola 25 mtandaoni. Bati jembamba, ukingo haujanyooka, kromu inabanduka vipande. Ukizilaza kwenye kioo zinacheza. Usinunue hata kwa zawadi.

Kabla hujaagiza chochote hesabu bolti, usiamini "inaingia F-150 zote". F-150 inakuja na ekseli ya 8.8 (namba hizi ni kipenyo cha kraun kwa inchi) yenye bolti 10 au 9.75 yenye bolti 12, gari mbili zinazofanana nje na kava hazibadilishani. Silverado 1500 yenye 8.6 ni bolti 10, Ram 1500 yenye 9.25 ni 12, Ram 2500 nyingi zenye AAM 11.5 ni 14. Ingia chini na tochi uhesabu, piga picha umbo lake, linganisha na picha ya gaskiti. Angalia pia vitu vinavyopita pale: spea tairi inaning'inia karibu, Ram 1500 zenye springi za koili zina ile fimbo inayokatiza nyuma ya ekseli, na kwenye gari nyingi paipu ya breki imefungwa na klipu kwenye bolti mojawapo ya kava. Kava nene itagusa kimojawapo na utajua ukiwa umeshamwaga mafuta.

Sasa kufunga. Ni kazi ya nusu siku, gari ikiwa sehemu tambarare, ukiiinua weka stendi, jeki peke yake usiiamini. Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujagusa bolti hata moja ya kava: fungua plagi ya kujazia. Ikigoma, acha kila kitu, bado gari inatembea. Ukimwaga kwanza halafu plagi ikagoma unabaki na gari isiyo na mafuta. Ikifunguka, ingiza kidole au waya uone mafuta yamefika wapi, na pima kimo chake kutoka katikati ya bomba la ekseli. Andika. Hiki kipimo ndo kitakuokoa, maana kava nyingi za duka zimewekewa tundu la kujazia juu zaidi ya la kiwandani, na mtu anajaza mpaka yamwagike kama alivyozoea, kumbe amezidisha, mafuta yanapanda kwenye mabomba ya ekseli yanatoka kwenye sili za magurudumu na kuingia kwenye breki. Kwenye 8.8 ya Ford huna shida hii sababu tundu liko kwenye mwili wa difu wenyewe, sio kwenye kava.

Legeza bolti zote, acha mbili za juu ziwe zimeshika, weka beseni, bandua kava kwa chini taratibu. Mafuta yatatoka kwa fujo, vaa nguo za kazi. Kisha angalia sumaku: tope laini la kijivu ni kawaida, vipande unavyoweza kushika kwa kidole sio kawaida, na ukiviona usifunge kava mpya juu ya ugonjwa, mwite fundi wa difu.

Ziba gia na kitambaa safi, kwangua silikoni ya zamani kwa kitu cha plastiki, futa uso mpaka ukauke kabisa. Halafu watu wengi wanaruka hii: funga kava mpya ikavu, na gaskiti kama unatumia, bolti nne tu, gia ikiwa huru, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Ukisikia mkwaruzo wowote kraun inagusa. Angalia na bolti: kava nene inataka ndefu zaidi, lakini ikizidi urefu inagonga mwisho wa tundu, inakaza yenyewe wakati kava bado imelegea, na hiyo ndo chanzo cha "nimefunga vizuri ila inavuja".

Kama ni silikoni, mstari mmoja wa milimita 5 au 6, bila kukatika, unaopita upande wa ndani wa kila tundu. Usiimwage kama siagi kwenye mkate, inayozidi inaingia ndani na kuelea kwenye mafuta. Funga kwa vidole kwanza, kisha kwa msalaba, kaza kwa tokwenchi, ile spana ya kupimia nguvu, nyingi zinataka futi-pauni 25 mpaka 35, kava ya alumini fuata karatasi yake. Ipe silikoni muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza, ukiweza ilale usiku kucha.

Mafuta ni GL-5, daraja la mafuta ya gia, uzito fuata kitabu cha gari, kawaida 75W-90 au 75W-140 kwa wavutaji. Difu ya Ford yenye limited slip ya klachi, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, inahitaji ile nyongeza ya kupunguza msuguano, bila hiyo inapiga kelele ukikata kona. Chevy yenye G80, difu yake ya kujifunga yenyewe, usiiwekee. Jaza mpaka kipimo ulichoandika, sio mpaka tundu jipya.

Na ukiwa bado uko chini, angalia kipumulio juu ya ekseli, kile kijibomba cha hewa. Kikiziba na tope presha inatafuta njia kwenye sili na wewe utalaumu kava. Dila akikutishia kwamba umefuta waranti, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamtaka aonyeshe kava ndo imeharibu kitu, sio kukataa tu kwa sababu ipo. Tunza risiti. Mafuta ya zamani yatie kwenye galoni upeleke duka la spea la AutoZone, wanapokea bure, na baada ya kuzunguka mjini kidogo rudi chini na tishu nyeupe, ipitishe ukingo mzima wa kava, zaidi kwenye bolti za chini.