Nimeuziwa mashine iliyojaa tope la Rufiji

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Kama unaitamani boti ya faiba kati ya zile zilizozama kwenye mafuriko ya Rufiji ya 2024, soma hapa kabla hujatoa hela.

Yangu ilizama kwenye maji yaleyale yaliyofunika mashamba na nyumba huko Rufiji na Kibiti. Muuzaji hilo hakulificha, na bei aliishusha kweli. Alichonihakikishia ni kwamba fundi wake ameifanyia mashine ya boti sevisi kamili, na sevisi hiyo nikailipia kando. Nilipoichukua ilikuwa inang'aa, rangi mpya, plagi mpya, ukivuta kamba inawaka hapohapo.

Ikanoki katikati ya delta. Maji yanakupwa, boti imejaa matenga ya kaa, jua la mchana linawaka. Kijana wangu akashika upondo, tukajikongoja kandokando ya mikoko hadi giza likatukuta. Kaa wakaanza kufa mmoja mmoja, na kaa aliyekufa hakuna anayemnunua. Mtaji wote ukaishia pale.

Kijijini kuna mzee fundi. Aliifungua mashine juu ya gunia, akapitisha kidole chini kwenye kranki, kikatoka na tope laini la kahawia. Akalisugua kwa dole gumba, likakwaruza. "Mwanangu, hii haijafunguliwa na mtu." Beringi zilishakula kutu, silinda ina michirizi kama imepigwa msasa. Mashine ikizama, ubaya unaanza pale inapotolewa na kupigwa na hewa. Inatakiwa ioshwe upesi kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, plagi zitolewe, izungushwe hadi maji yote yatoke, imwagiwe oili ndani, iwashwe. Iliyokwishaingia tope lazima ifunguliwe yote. Yule muuzaji alipaka rangi!

Nikamfuata dukani kwake. Nikamweleza taratibu, kwa heshima, picha mkononi. Hakuziangalia hata moja. Akawageukia wateja wengine akasema, "Boti gani inaogopa maji, kaka? Si ndiko inakokaa?" Wakacheka. Akaendelea kula chipsi zake.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko hasara. Boti inakaa juu ya maji, haikai chini yake! Mafuriko yanaingilia juu, na tope lake, na kila uchafu uliosombwa, yanatulia ndani siku kwa siku. Mtu anayeuza boti analijua hilo.

Boti yenyewe, lakini, niitendee haki. Mzee aligonga ubao wa tezi, pale inapofungwa mashine, ukatoa sauti nzito iliyokufa. Akatoboa kitundu, maji meusi yakaanza kudondoka. Akakata sakafu: lile povu gumu linaloifanya boti ielee hata ikijaa maji lilikuwa limelowa lote, kumbe ndiyo maana ilikuwa nzito vile. Tukalitoa, tukaanika boti hadi ikakauka kabisa, akaweka ubao mpya na kuufunika kwa faiba vizuri mno. Leo inakata maji vizuri, inabeba mzigo bila kuyumba, na nikiiona imefungwa pale bandarini kwetu moyo unafurahi. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba boti ya mafuriko inafaa, mradi uwe na fundi wa kweli na uiweke mashine kwenye hesabu kama chuma chakavu.

Ila kila nikijumlisha mashine nyingine niliyolazimika kununua, na wale kaa, na kile kicheko, naona hapana. Msinunue. Au mnunue boti tupu, na mashine muikatae hata kama ni ya bure. Na kwa muuzaji yule msikanyage kabisa.

Hela ya sevisi hajanirudishia mpaka leo. Risiti ninayo, na nitaendelea kumfuata nayo mbele ya wateja wake.