TAHADHARI: Muuza sakafu za lamineti hapa Kisumu, usimpe hata shilingi

Watu wa Kisumu, kama unajenga au unakarabati nyumba, soma hii kabla hujatuma pesa. Kuna jamaa anauza lamineti, zile mbao za kutandika sakafuni, upande wa Kondele, mtanashati, anakuita "dada" hata kabla hujaketi. Mimi namwita mwizi.

Siku niliyoenda kwake na shemeji, alichukua kipande cha ubao akakitumbukiza ndani ya beseni la maji mbele yetu. Akatuletea soda. Tukapiga stori za Gor Mahia weee. Baadaye akakitoa, akakifuta kwa leso yake ya mfukoni, akanipa nishike. Kikavu! Kingo zimenyooka, hakijavimba hata kidogo. "Dada, hii ni milimita 12, AC4, yaani uso wake hauchakai upesi, hata ziwa lote likimwagika humu ndani haishtuki." Sasa niambieni, nani hangeamini? Nimeona kwa macho yangu. Risiti anayo, mhuri anao, na aliyenielekeza kwake ni mtu wa kanisani kwetu. Nikatuma Sh48,000 papo hapo.

Kumbe kile kipande kilikuwa cha plastiki, ile vinyl ngumu isiyonyonya maji wanayoita SPC! Nilicholetewa ni lamineti ya milimita 8, ndani unga wa mbao uliogandamizwa. Fundi wake alikuja na mzigo asubuhi, jioni amemaliza. Hakuweka foamu chini ya mbao, hakutandika nailoni ya kuzuia unyevu juu ya simiti, na mbao zimebanwa ukutani pande zote nne, kisha akafunika na skatingi, ile mikanda ya chini ya ukuta, nisione.

Mvua zilipoanza, viungo vikainuka. Mama mkwe akakanyaga pale mlangoni, pakalia kwaa, akauliza mbele ya wageni kama sakafu yangu ina mimba. Nilitamani ardhi inimeze. Kumpigia yule jamaa, eti nimepiga deki na maji mengi. Deki gani? Kitambaa kilichokamuliwa tu! Siku hizi hata simu hashiki.

Mtu kama huyu afungwe gereza la Kodiaga, na huko alale kwenye hizo mbao zake. Aibu niliyoipata pesa hazilipi.

Mkienda kununua, kipande cha kujaribia kitoke kwenye katoni mtakayobeba, mkivunje muone ndani. Katoni zangu hazikuwa na lebo, na pesa aliomba kwa namba yake binafsi, si ya duka. Fundi mwingine ameniambia mbao zinafaa kukaa chumbani saa 48 kabla ya kutandikwa, na pembeni mwa ukuta iachwe nafasi ya milimita 10 hivi ili zipate pa kutanukia. Huyu wa kwake alikuwa na haraka ya nini kama si wizi?

Naenda Mahakama ya Madai Madogo, wanasikiliza kesi za hadi Sh1,000,000. Kama na wewe alikuibia, njoo inboksi na risiti yako. Nataka Sh48,000 zangu zote, na ya fundi wake juu.