Wakala wa Ajira za Nje: Hodari wa Nyaraka, Mzito wa Majibu

Nilihudumiwa na wakala huyu kwa miezi saba, tangu nilipojaza fomu ya maombi hadi nilipoingia kazini katika nchi ambayo sikuwa na ndugu wala rafiki, na ambayo lugha yake niliijua kwa kiasi cha kuulizia njia tu. Nampa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za dawati la nyaraka peke yake.

Wasifu wangu ulikuwa wa kurasa nne, ukianzia shule ya msingi. Afisa wa dawati hilo aliupitia mbele yangu akiwa na kalamu nyekundu, akaubakiza kurasa mbili, na kila nilipoandika kwamba "nilihusika na ghala" aliniuliza niliongoza watu wangapi, nilipokea mzigo wa aina gani na hesabu nilizitunza kwa programu ipi. Ndiye pia aliyenieleza kwamba cheti changu kilihitaji apostili, yaani uthibitisho unaotambuliwa na nchi wanachama wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, na kwamba uthibitisho huo unahusu saini, muhuri na cheo cha aliyesaini, si ubora wa elimu yenyewe. Ulinganifu wa elimu, yaani kutambuliwa kwamba elimu yako inalingana na ya nchi unakokwenda, huombwa kwa mamlaka nyingine, na wengi hugundua hivyo wakiwa wamekwishafika.

Kuhusu ada, tangazo lao linadai kwamba mtafuta kazi halipi chochote. Ndivyo inavyoelekeza ibara ya 7 ya Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, inayomkataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka husika inaporuhusu. Mimi nililipia "uendeshaji wa faili" mara mbili, na stakabadhi ya pili niliidai kwa siku tatu. Kama huko si kuzunguka, sijui ni nini.

Utafutaji wa kazi wenyewe ndio ulionichosha. Kati ya sehemu tatu nilizopelekwa kwenye usaili, mbili zilikuwa zimekwishapata watu. Barua ya ajira iliahidi malazi ya bure, lakini mkataba, ulionifikia siku nne kabla ya safari, ulisema kodi ya malazi ingekatwa kwenye mshahara. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba huo ni utaratibu wa kawaida. Nilipokataa kusaini, kifungu kiliondolewa siku iliyofuata, bila maelezo yoyote.

Waliahidi pia kunisaidia katika mwezi wa kwanza ugenini, na hapo ndipo nilipowahitaji hasa, kwa sababu benki ilitaka uthibitisho wa anwani, mwenye nyumba alitaka hati ya mshahara, na mwajiri alitaka namba ya akaunti ili alipe huo mshahara. Fundo hilo lilifunguliwa na karani wa pale kazini, kwa barua ya aya moja yenye muhuri, ambayo benki iliikubali. Simu ya wakala ilikuja baada ya mshahara wa kwanza, akiniuliza kama nilifika salama.